Ng'ombe wa Sebuleni

Zamani kidogo, kabla mashine za kuchapisha mabango hazijafika kwetu, mgeni akiuliza njia ya Majengo watu wa Meru mjini walimwambia ateremke na barabara mpaka aone dume jekundu. Dume hilo lilikuwa langu. Nililichora kwenye ukuta wa buchari ya baba yangu, Hassan, nikiwa nimetoka tu shuleni: kifua mbele, pembe juu, mkia umepinda, jicho moja linamkazia mteja utadhani lenyewe ndilo limekuja kununua nyama. Ukuta ule haukuwa na neno hata moja. Dume lilitosha.

Basi kila mwenye buchari kutoka Nkubu mpaka Timau akataka dume kama la Hassan. Nilikata umbo lake kwenye katoni ya sabuni, nikawa nalibandika ukutani, napitisha chaki pembeni, najaza rangi, na chai ya saa nne inanikuta naosha brashi kwa tapentaini. Watu walisifu. Mimi nilijua moyoni kwamba nimechora ng'ombe mmoja tu maishani mwangu na nimemchora mara nyingi.

Raha yangu ilikuwa herufi. Herufi za Kiarabu nilifundishwa kwenye chuo cha Kurani na Maalim Jumaa, kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, na Maalim alikuwa mtu asiyejua haraka ni kitu gani. Alisema kila herufi ina tumbo, ina shingo, na ina mahali inapovutia pumzi, na ukiibana itakufa mikononi mwako. Nilipoanza kuandika mbao za maduka nilizipa herufi za Kizungu matumbo na shingo zilezile. Ndizo zilizoniletea wateja: kadi za harusi, mabango ya kwaya, majina kwenye misalaba. Binti Mwislamu wa Majengo kuandika misalaba ya Wakristo, hakuna aliyeona ajabu isipokuwa shangazi yangu Rahema, na shangazi Rahema huona ajabu hata jua likichomoza. Maalim yeye alinunia lile dume tu. Alisema herufi zingetosha.

Sitaki kudanganya, nilikuwa mtu wa hasira za karibu. Mteja akiniambia "nifanyie kitu kizuri tu, wewe unajua," nilihisi damu inapanda, maana huyohuyo ndiye atakayerudi kusema alitaka kijani. Tena waliniita fundi wa rangi. Fundi wa rangi ni yule anayepaka mabati! Nilitaka kuitwa msanii, na hakuna aliyekuwa tayari kuniita hivyo, hata baba.

Siku moja ya soko akaja mama mmoja, gambuti miguuni, kiondo mgongoni, akasimama mbele ya dume akalitazama kwa muda mrefu bila kutabasamu. Kisha akageukia kibanda changu, kilichokuwa kimeegemea ukuta wa buchari.

"Ni wewe uliandika msalaba ya Mithika wa Kiirua?"

Nikamwambia naandika misalaba mingi.

"Mimi ni bibi yake. Naitwa Celina. Mama Koome." Akashusha kiondo. "Hiyo jina uliandika vizuri, mwari. Uliandika kama mtu anaitwa pole pole, si kama anaitwa na chifu."

Hakuna mteja aliyewahi kuniambia neno kama lile. Nikamvutia kiti upesi.

Alichotaka ni hiki: nimchoree ng'ombe wake kwenye ukuta wa sebule, upande unaotazamana na mlango, na chini yake niandike jina la ng'ombe kwa herufi zilezile za msalaba wa mumewe. Nikacheka. Nilifikiri ananitania. Yeye hakucheka.

Mumewe alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya ngano ya Timau, na alipoacha alipewa ndama wa gredi, wa maziwa, badala ya kiinua mgongo. Akatembea naye kutoka kule kwenye baridi mpaka Kiirua, wanapumzika, wanaendelea, na walipofika nyumbani ndama akapewa jina lake kwa ajili ya ile safari. Maziwa yake yalisomesha watoto wote wa nyumba ile. Sasa Mithika amekufa, na ng'ombe amezeeka, hashiki mimba tena wala hatoi maziwa hata ya kutilia chai.

"Koome, kijana yangu mkubwa, anasema auzwe kabla mvua ianze," alisema. "Anasema ni kula tu anakula. Na si uongo. Mimi sina nguvu ya kushindana na yeye, ni yeye ananunua hiyo chakula. Lakini akienda, mwari, nataka abaki ukutani. Nikifungua mlango nimwone."

Wakati huo baba akatokea na kikombe chake cha chai kuamkia wageni, kama kawaida yake.

"Tunaongea mambo ya ng'ombe yangu," Mama Koome akamwambia. "Anaitwa..."

"Usinitajie!" Baba aliinua mkono mpaka chai ikamwagika. "Samahani, mama yangu. Mimi ni mchinjaji. Jina la ng'ombe sitaki kulisikia."

Ilikuwa sheria yake, na ya babu kabla yake. Baba alinunua ng'ombe kwa Wameru, kwa Waembu, kwa Waborana, na kote walimjua: Hassan haulizi jina la mnyama na hataki atajiwe. Wakati mmoja, mimi nikiwa mdogo, alinunua fahali huko Runyenjes, na alipokuwa akimtoa kwenye ua mtoto wa pale akamwita yule fahali kwa jina, na fahali akageuka. Baba alimchinja kwa sababu alikuwa ameshamlipia. Alirudi nyumbani hakula, na nyama ile hakuigusa. Tangu hapo ikawa bora kumtukana kuliko kumtajia jina la ng'ombe.

Mama Koome alimtazama akiondoka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba yako ni mtu mzuri." Kisha akanitajia jina. Kagendo, yaani msafiri kwa Kimeru.

Nilikwenda Kiirua na pikapu ya viazi, na katoni yangu nimeikunja kwenye mfuko. Nyumba ya Mama Koome ilikuwa ya mbao, imebandikwa magazeti ndani, isipokuwa ukuta mmoja aliousafisha na kuupaka chokaa kwa ajili yangu. Vitambaa vimetandikwa kwenye viti, picha ya Mithika juu ya redio. Nikaibandika katoni, nikapitisha chaki. Nikalipunguza dume mabega, nikalitia kiwele, nikalipaka madoa meusi na meupe kama nilivyoambiwa. Zizini sikwenda. Kulikuwa na tope, na mimi ng'ombe nilishawajua, au ndivyo nilivyodhani.

Mama Koome akaingia na birika. Akatazama.

"Huyu kilo ni pesa ngapi?" akauliza.

"Unasemaje, mama?"

"Huyu ni ng'ombe ya buchari, mwari. Ona vile anaangalia watu, ni kama anajua bei yake. Kagendo haangalii watu hivyo." Akaniwekea kikombe mezani kwa upole kabisa. "Kunywa chai. Halafu umtoe."

Chai sikuinywa. Nilikusanya brashi zangu kwa kelele zote nilizoweza, nikasema maneno juu ya watu wasiojua sanaa, nikatoka. Nyuma yangu nilisikia akiniambia njia ina utelezi, niangalie. Hilo lilinikasirisha zaidi.

Jioni nikamweleza baba. Nilitegemea atanitetea. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ng'ombe mwenyewe hulalia upande gani?" akaniuliza.

"Nitajuaje?"

"Ana pembe?"

Hilo nalo sikulijua.

"Mwanarusi, mama, mimi nikienda kununua ng'ombe namwangalia kuliko watu wanavyoangalia wachumba. Namwangalia nyonga, namwangalia magoti, anavyosimama akisikia mtu mgeni. Wewe hujawahi kuangalia ng'ombe. Umeangalia dume lako tu." Akaniwekea kipande cha ini kwenye sahani, maana baba hajui kumuumiza mtu bila kumlisha. "Rudi ukamwangalie."

Yaliniuma. Yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu aliyeyasema ndiye niliyetaka aniite msanii.

Nikarudi. Mama Koome hakuniuliza neno, akanipa gambuti zake na kigoda. Nikalipaka lile dume chokaa mpaka likapotea, nikaenda kukaa zizini na kipande cha boksi na kaa la kuchorea. Kagendo aliniangalia kidogo, akaona sina nyasi, akaendelea na mambo yake.

Mwanzoni niliona ng'ombe mzee tu. Kisha nikaanza kumwona yeye. Mifupa ya nyonga ilikuwa imeinua ngozi kama kamba inavyoinua nguo zilizoanikwa. Pembe moja ilikuwa imekatika, imebaki kisiki. Sikio la kushoto lilikuwa limepasuka katikati mpaka karibu na kichwa, mpasuko wa zamani, kingo zake zimeshapona na kuwa laini. Na alikuwa na tabia moja: akichoka, alikuja akaweka kidevu juu ya ubao wa lango, palepale kila mara, mpaka ubao ukalika na kung'aa mahali hapo, akatulia akiutazama mlango wa nyumba. Hakuangalia kama mwenye kuomba kitu. Aliangalia kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kazi ndani ili waongee.

Sijui nilikaa pale muda gani. Najua nilisahau kula, na nilipoinuka nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeijua tangu siku Maalim aliponiambia alifu yangu inaweza kusimama peke yake. Niliingia ndani nikamchora hivyo: kidevu kwenye lango, sikio lililopasuka, kisiki cha pembe, nyonga na kila kitu. Sikumwongeza nyama wala sikumpunguzia miaka.

Mama Koome akaja kuona. Akatafuta kitambaa, akafuta mikono yake iliyokuwa mikavu, akakaa.

"Nilikuwa nimesahau hiyo ubao," alisema mwishowe. Halafu akalia kidogo, na mimi nikalia pia, mchoraji mzima, brashi mkononi. "Sasa andika jina."

Lakini rangi ya mafuta haina haraka, kama Maalim. Nilimwambia iache ikauke vizuri, nitarudi kwa ajili ya herufi.

Niliporudi nilikuta amenitengenezea benchi la kusimamia. Nilipiga mistari kwa uzi wa chaki, mmoja juu mmoja chini, nikapima nafasi kwa vidole. Mama Koome akakaa nyuma yangu, kidole tayari hewani. Alikuwa anasoma ngumbaru kanisani, darasa la watu wazima, na alikuwa na hamu ya kusoma kitu ambacho si cha mwalimu. Kila nilipomaliza herufi aliitaja kwa sauti.

Nilikuwa nimefika "Kage" niliposikia gari linapanda kilima. Mlio ule ningeutambua hata nikiwa usingizini, ekzosi yake ilikuwa imefungwa na waya. Ilikuwa pikapu ya baba.

Mlango ukafunguka akaingia kijana mrefu mwenye jaketi, na nyuma yake baba, kofia mkononi.

"Mwanarusi? Unafanya nini hapa?"

"Kazi, baba. Na wewe?"

"Kazi pia," akasema, na nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa amemtambua Mama Koome.

Yule kijana alikuwa Koome. Alifanya biashara ya viazi Nanyuki na alikuja nyumbani mara moja moja, kwa hiyo ukuta hakuwa ameuona. "Mathe, huyu ni Mzee Hassan wa Majengo," alisema bila kukaa. "Hii kitu tumeongea sokoni na tumeelewana. Bei yake ni fair. Tusimcheleweshe mzee, ako na watu wa harusi wanamngoja."

Ni kweli. Binti wa shangazi Rahema alikuwa anaolewa, na wiki ile ng'ombe walikuwa haba, kwenye soko hakuna, kwa wafugaji hakuna. Baba alikuwa amemwahidi dada yake nyama mbele ya ukoo wote.

"Nani ametoka kwangu bila chai?" Mama Koome akasema, akaenda kuleta vikombe.

Baba akakaa kwenye kiti kilichotazamana na ukuta. Akainua macho. Akaona ng'ombe, akaona "Kage", na mara hiyohiyo akainuka, akageuza kiti, akakaa tena akiwa ameupa ukuta mgongo, uso mlangoni kama abiria.

"Mama Koome," alisema kwa mlango, "huyo wa ukutani ndiye wa zizini?"

"Ndiye."

"Basi mimi sijaona kitu." Kisha akaniita bila kugeuka. "Mwanarusi. Shuka hapo, mama. Weka brashi chini kidogo tu. Tumalize biashara, tukishaondoka utaendelea."

Hakuniamuru. Alikuwa ananiomba, na hilo ndilo lililonifunga mikono. Brashi yangu ya kwanza ilinunuliwa na buchari ile. Chakula chote nilichokula maishani mwangu kilitoka kwenye buchari ile. Sikuwa na haki ya kujifanya mtakatifu mbele ya baba yangu, na harusi ilikuwa ya binamu yangu mwenyewe, ningekula pilau yake kama wengine.

Koome alikuwa amekwenda kusimama karibu na ukuta. Alitazama lango, akatazama kidevu. Kisha akaweka kidole kwenye sikio.

"Nani alikuambia hii ya sikio?" akaniuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Nilimwangalia."

Mama yake akaingia na vikombe, akasimama.

"Ilikuwa siku ya josho," Koome alisema. "Nilikuwa mdogo. Nilitaka kukata njia, nikampitisha kwa seng'enge, sikio ikashikwa. Akavuta. Mimi nikaona damu nikatoroka, nikajificha kwa mahindi, najua baba ataniua. Sasa yeye badala aende nyumbani, akakuja akasimama hapo nje ya mahindi. Analia tu. Ni yeye aliwaonyesha mahali niko." Akapitisha mkono puani. "Lakini hiyo ni zamani. Mzee, kuja tumalizie nje."

Baba akaweka mikono kwenye magoti ili ainuke.

Nikachovya brashi.

Sijui kama nilifikiri. Nakumbuka nilimwona Kagendo kwa dirisha, kidevu juu ya ubao wake, anautazama mlango ambao punde sisi sote tungetokea. Nikaandika N. Niliipa shingo yake yote. Nikaandika D, nikaipa tumbo. Nyuma yangu kiti cha baba kililia.

"Mwanarusi," alisema taratibu.

"Nisamehe, baba," nikasema, nikaizungusha O mpaka ikafunga.

Angeweza bado kuondoka. Hakuwa ametazama, na mimi ulimi wangu nilikuwa nimeuuma. Lakini nilikuwa nimesahau mwanafunzi wa ngumbaru. Mama Koome alikuwa amesimama na birika mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili hewani, macho ukutani, anafuata herufi vile mwalimu alivyomfundisha, kwa sauti kubwa ili aisikie mwenyewe.

"Ka," alisoma.

"Mama Koome, nakuomba," baba akasema kwa mlango.

"Ge."

Baba akavaa kofia, akaivuta mpaka masikioni.

"Ndo." Akavuta pumzi, akaliunganisha jina lote, akaliita vile alivyoliita kila alfajiri ya miaka yote ile na ndoo mkononi. "Kagendo!"

Na kule zizini Kagendo akaitikia. Aliitikia kwa mlio mrefu, wa sauti iliyokwaruza, mlio wa mzee aliyeitwa na bado anasikia.

Baba akavua kofia, akaiweka mezani, akageuza kiti chake kikatazama ukuta tena, akapokea kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Basi," alisema. "Nimetambulishwa."

"Mzee, hata kama ako na jina," Koome akasema, "si ni ng'ombe tu?"

"Ni ng'ombe tu. Meru ina wachinjaji wengi, kijana wangu, na pesa zao ni sawa na zangu. Sitakukasirikia." Akanywa. "Lakini mimi siwezi. Na chai ya mama yako ni nzuri."

Koome akabaki katikati ya chumba. Nilimwona akihesabu wachinjaji wengine kichwani, na sikumlaumu, viazi havimpi mtu usingizi. Akatazama ukuta. Akatazama meza, na kiti alichozoea kukalia, ambacho kiliuelekea ukuta uleule.

"Mathe, hii picha itakaa hapa?"

"Mimi nikiwa hai itakaa."

"Kila nikikuja nitakuwa nakula nikiangalia hiyo sikio."

"Utakula ukiiangalia," Mama Koome alisema. "Mimi sitaifunika na kitambaa."

Koome akapumua kwa nguvu, akavua jaketi lake la Nanyuki akalitundika mlangoni. Akachukua panga chini ya benchi langu, akatoka. Baadaye tulisikia akikata nepia, majani ya kumlisha Kagendo, nyuma ya zizi, anakata kwa hasira, na mama yake akakaa chini ghafla kama mtu aliyetua kuni, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilimwaga tapentaini kwenye sakafu yake, na hakujali.

Tulirudi Majengo na baba kwenye pikapu, nyuma hakuna kitu isipokuwa kamba. Niliogopa. Nilijua nimemwaibisha mbele ya dada yake, na shangazi Rahema si mtu wa kumwambia kwamba nyama ya harusi imeghairiwa na ukuta. Tulipofika hakwenda nyumbani. Alisimamisha gari mbele ya buchari, akazima injini, akabaki akilitazama dume langu jekundu kupitia kioo.

"Yule wa Kiirua," alisema hatimaye, "ulimpata."

"Nilimwangalia tu, baba. Ulivyoniambia."

"Mimi nilikwambia uangalie. Sikukwambia umtoe kwangu." Nikaona anacheka, ule mcheko wake wa mabega. "Mwanangu ni msanii, na mimi ndiye wa kwanza kupata hasara."

Alilisema hivyohivyo, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilitazama nje ya dirisha ili asinione uso. Miaka yote nililingoja neno lile, na kumbe lingekuja na kamba tupu nyuma ya gari.

Harusini watu walikula mbuzi kutoka Mbeere. Shangazi Rahema alinuna mpaka sahani ya pili, kisha akasahau.

Kesho yake asubuhi baba alinikuta kibandani nachanganya rangi. Akaniambia nilifute dume.

"Baba! Watu watafikaje Majengo?"

"Wataulizia. Lifute. Mkono wako sasa umeshajua kuchora ng'ombe wa kweli, sikuamini tena na huo ukuta. Utalitia kitu siku moja bila kutaka, sikio, jicho, na mtu atasimama hapa na kikapu chake amtambue ng'ombe wake. Tutakula nini?"

"Sasa niandike nini mahali pake?"

Akafikiri, akajikuna kidevu.

"Andika jina langu. Hilo hata likijulikana, watu watanunua."

Nikalipaka dume chokaa mara mbili, maana wekundu wake ulikuwa unakataa kuondoka. Baadaye mama mmoja kutoka Runyenjes aliniita nimchoree punda, na mwalimu Gitari wa Embu akanichukua nimchoree nyanya yake akiwa bado anaweza kukaa juani, na wote walisema wanataka wa kweli, kama wa kwa Mama Koome. Kagendo mwenyewe aliendelea kuweka kidevu kwenye ubao wake msimu ule wa mvua na mwingine. Lakini siku ile hayo sikuyajua. Nilijua tu kwamba ukuta ni mweupe na chokaa imekauka.

Nilipiga mistari yangu miwili kwa uzi. Nilikuwa nimeandika majina ya wafu na ya maharusi, ya maduka na ya ng'ombe, na jina la baba yangu sikuwa nimewahi kuliandika mahali popote. Maalim Jumaa alipita akielekea msikitini, akasimama kuangalia, safari hii hakununa. Nikaanza na H, nikaipa nafasi ya kuvuta pumzi. Baba alikuwa ndani ananoa visu, anaimba vibaya. Nikaliandika pole pole, kama anaitwa na mtu anayempenda.